Pampu ya kupandisha maji ya mvua kwenye bustani ya mteremko: ipi kwa kiwanja kipi

Ingia hadiwea yoyote ya River Road, Nairobi, useme unatafuta pampu ya bustani, na swali la kwanza utakaloulizwa ni hospawa ngapi, yaani nguvu ya mota. Kwa umuhimu, hilo lingekuwa la mwisho. Kwenye mteremko kuna mambo matatu yanayoamua: tangi liko wapi ukilinganisha na mboga, maji yapande mita ngapi, na yakifika huko juu yanakwenda kufanya kazi gani. Pampu ya nusu hospawa iliyowekwa mahali pake huishinda ya hospawa moja na nusu iliyowekwa ovyo, na hesabu ya jambo hilo si ngumu.

Huenda huihitaji kabisa

Loresho, Kitisuru na sehemu nyingi za Lower Kabete, barabara hupita juu mgongoni na viwanja huteremka kuelekea mtoni. Kama nyumba yako iko juu karibu na geti na mboga ziko chini, tangi la gata tayari liko juu ya bustani. Kila mita moja ya kushuka hukupa presha ya bar 0.1. Tangi lililo mita 8 juu ya mfereji wa kufungulia maji hutoa bar 0.8, inayotosha mpira wa kumwagilia, na kwa dripu, yaani umwagiliaji wa matone, ni nyingi hata kuliko inavyotakiwa. Hapo unachohitaji ni bomba la kipenyo cha kutosha na getivalvu, ile koki ya kufungulia na kufungia maji. Sprinkla pekee ndiyo itakayolegea, kwa sababu nyingi hutaka bar 2 hadi 2.5 ili zizunguke sawasawa. Kabla ya kununua pampu kwa ajili ya sprinkla, jiulize kama sukuma wiki zako zinajali maji yametoka angani au yametambaa kwenye mpira.

Ulinganisho huu basi ni wa wale ambao bustani yao inapanda: nyumba na tangi viko chini, ngazi za udongo mwekundu zilizopandwa mboga ziko nyuma, na mtu anabeba jerikeni mbilimbili kila jioni.

Pima kwanza, na usipime kwa simu

Urefu wa mahali unaoonyeshwa na simu unaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kosa la mita 3 kwenye mteremko wa mita 9 ni theluthi nzima. Tumia kifaa cha fundi wa ujenzi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, ule wanaosawazishia msingi. Mita 12 zinatosha. Ujaze taratibu mpaka pasibaki povu hata moja la hewa, kwa sababu povu moja huharibu kipimo chote. Mtu wa chini asimamishe mti wa mita 2 uliochorwa sentimita na ashike ncha yake kandokando ya mti huo. Wa juu apande hatua chache na ashushe ncha ya pili mpaka maji yalingane na udongo. Yakitulia, soma maji yamesimama wapi kwenye mti wa chini: hicho ndicho kimo cha hatua hiyo. Andika, hamia juu, rudia, kisha jumlisha. Anzia pale bomba la kutolea maji lilipo kwenye tangi, wala si kwenye mfuniko, maana siku utakayoihitaji pampu zaidi ni siku ambayo tangi linakaribia kuisha.

Tuchukue kiwanja cha mfano tutakachokitumia mpaka mwisho. Tangi ni la lita 10,000, kitalu cha juu kabisa kiko mita 9 juu yake, na bomba la kufika huko lina urefu wa mita 60. Mboga zimechukua mita 50 za mraba. Katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari au Juni hadi Septemba, lita 4 kwa kila mita ya mraba kwa siku ni makadirio mazuri. Hiyo ni lita 200 kwa siku, na tangi hilo likijaa litakwenda siku 50. Pampu inayotoa lita 30 kwa dakika humaliza maji ya siku nzima kwa chini ya dakika 7. Kwa hiyo wingi wa maji si shida yako. Shida yako ni kimo.

Kimo chenyewe hubadilika kulingana na kazi. Ukitaka kujaza tangi dogo lililo juu ya stendi ya mita 2, ni mita 9 za mteremko, 2 za stendi, kama 2.3 zinazoliwa na msuguano wa bomba zuri, na 1 ya kona na valvu: mita 14 na kitu. Ukitaka kushika mpira mkononi huko juu, ondoa stendi, ongeza mita 10 ili maji yatoke kwa nguvu: mita 22. Ukitaka sprinkla, weka mita 25 badala ya hizo 10: mita 37. Bustani ni ileile na bomba ni lilelile, lakini ni mahitaji matatu ambayo hayawezi kutoshelezwa na pampu moja kwa usawa.

Bomba huweza kula pampu nzima

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayomfanya mtu arudi dukani kununua pampu kubwa zaidi. Huu ndio msuguano wa mita 60, tukiuhesabu kama mita za kimo zinazopotea:

| Bomba | Lita 15 kwa dakika | Lita 30 kwa dakika |
|---|---|---|
| Mpira wa nusu inchi | mita 25 | mita 90 |
| Mpira wa robo tatu inchi | mita 3.5 | mita 12.5 |
| Bomba jeusi la plastiki ngumu (HDPE) la mm 32 | chini ya mita 1 | mita 2.3 |

Tazama mstari wa kwanza. Mita 90 ni kimo ambacho hakuna pampu ndogo ya nyumbani inayokifikia huku ikitoa maji kiasi hicho, ikimaanisha kwamba mpira wa nusu inchi wa urefu huo hautapitisha lita 30 kwa dakika hata ufanyeje. Mwenye pampu ya hospawa moja kwenye mpira huo atapata maji kidogo, mota ya moto na bili. Laza bomba la mm 32 mpaka juu, kisha uunganishe mpira wa mita 10 hapo mwishoni. Fedha ya kupandisha hospawa itumie kwenye kipenyo.

Nairobi huvuta vibaya

Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji. Hutengeneza upungufu wa hewa ndani yake, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Mombasa, usawa wa bahari, hewa hiyo inaweza kubeba maji mita 10 na kidogo kwa nadharia. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, inabeba kama mita 8.4. Pampu iliyoandikwa kwamba huvuta mita 8 ilipimwa kwa hewa ya pwani. Huku kwetu toa karibu mita 2, kisha toa msuguano wa bomba la kuvutia na futivalvu, ile valvu ya mwisho wa bomba inayozuia maji kurudi. Panga kazi yako kwa mita 5. Kikuyu na Limuru, ambako ni juu zaidi, panga kwa pungufu ya hapo.

Matokeo yake ni kanuni moja isiyo na mjadala kwenye mteremko: pampu ikae chini kando ya tangi na isukume. Kuiweka juu kwenye kibanda cha vifaa ili ivute kutoka bondeni ni kosa, hata kama huko ndiko stima iliko. Kusukuma mita 30 ni kazi ya kawaida. Kuvuta mita 7 hapa ni kujitafutia matatizo. Waya ni rahisi kupeleka kuliko hewa. Kwa pampu ya nusu hospawa, waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 60 hupoteza kama volti 5 tu ikiwa inazunguka, na wa 2.5 kama volti 3. Chukua wa 2.5, kwa sababu wakati wa kuwaka mota huvuta umeme mara kadhaa zaidi.

Ikiwa tangi lako la plastiki limekaa juu ya zege, na pampu iko chini ya usawa wa maji, maji hujipeleka yenyewe kwenye pampu na futivalvu haina kazi. Kwa tangi la chini ya ardhi, ama uvute kwa mita 2 au 3, ama uzamishe pampu. Tutafika huko.

Pampu zenyewe

Nusu hospawa ndogo, ile yenye impela (gurudumu la kusukuma maji) ya shaba yenye vijimeno ukingoni, ndiyo iliyojaa madukani na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Bango lake kwa kawaida huandikwa Hmax 40, yaani kimo cha juu kabisa, na Qmax 40, yaani wingi wa juu kabisa wa maji, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mita 40 ni pale maji hayatoki hata tone. Lita 40 kwa dakika ni pale haipandishi karibu kitu. Katikati, kwa aina hii, mstari ni karibu mnyoofu: kwa mita 14 utapata kama lita 30 kwa dakika, kwa mita 22 kama lita 22, na kwa mita 37 kama lita 6, ambazo hata sprinkla moja haitaziheshimu. Rudi kwenye kiwanja chetu: kwa kujaza tangi la juu inafaa kabisa, kwa mpira mkononi inatosha, kwa sprinkla hapana. Hula kama nusu kilowati hivi, kwa hiyo kupandisha lita 1,000 ni nusu saa na kidogo, takriban uniti 0.3. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye tokeni yako uone ilivyo ndogo.

Ubaya wake ni uchafu. Nafasi kati ya impela na kasha lake ni sehemu ndogo ya milimita, na mchanga hupanua nafasi hiyo kama msasa. Wenye paa za vigae vya chuma vilivyopakwa changarawe wajihadhari zaidi, kwa sababu paa mpya ya aina hiyo hudondosha punje kila mvua inaponyesha, na punje hizo hutulia chini ya tangi pale pampu inapovutia. Nafasi hiyohiyo finyu huifanya igande ikikaa miezi miwili bila kuwashwa. Na kitu kimoja ambacho hata mafundi wengine hukosea: pampu ya aina hii hula umeme mwingi zaidi ikifungiwa njia. Usiiwashe getivalvu ikiwa imefungwa. Sentrifugali, aina inayofuata hapa chini, ni kinyume chake; hiyo ikifungiwa hupumzika, ingawa maji yaliyonasa ndani yatapata moto.

Sentrifugali ya robo tatu au hospawa moja hutoa maji mengi zaidi, huvumilia takataka ndogo, na hudumu. Lakini kimo chake cha juu mara nyingi ni kati ya mita 25 na 35, kwa hiyo mwenye kuamini kwamba hospawa moja lazima ipandishe juu kuliko nusu hushangaa. Ni pampu ya mtu mwenye mipira miwili ikifanya kazi pamoja, au robo ekari. Kwa mita 50 za mraba ni kutumia shoka kuchinjia kuku.

Pampu ya jeti hujivutia maji yenyewe hata kukiwa na hewa kidogo kwenye bomba, na hilo ndilo unalolilipia. Ina kelele, na kwa kila uniti hupandisha maji machache. Ichukue tu ikiwa tangi ni la chini ya ardhi, huwezi kuzamisha, na unachoka kujaza maji pampu kila wiki.

Pampu ya kuzama ndiyo jibu safi zaidi kwa tangi la chini ya ardhi: haina habari ya kuvuta, haina kelele, haiibiwi kirahisi. Tatizo ni kwamba madukani kuna mbili zinazofanana kwa jina. Moja ni ya kutoa maji machafu kwenye mashimo, ya plastiki, yenye boya pembeni. Inatoa maji mengi sana lakini kimo chake huishia mita 7 hadi 10. Ukiipeleka kwenye mteremko wa mita 9 itanguruma kutwa na juu pasifike kikombe. Nyingine ni nyembamba na ndefu, ya chuma kisichoshika kutu, yenye impela kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hiyo hufika mita 30 hadi 40 au zaidi. Muulize muuzaji Hmax, na asipojua isomeni pamoja kwenye bango. Ya pili ni ghali mara kadhaa kuliko nusu hospawa, na kama tangi lako liko juu ya ardhi hakuna sababu ya kuilipa. Ikiwa ni kwa sprinkla kwenye kiwanja chetu cha mita 37, hata hivyo, tafuta yenye Hmax ya mita 50 au zaidi, au achana na sprinkla.

Kwa pampu yoyote iliyo majini au karibu na maji, umeme wa volti 240 upitie swichi inayokata kwa uvujaji wa miliampia 30, na waya wa udongo uwe umeunganishwa kweli, si kuchorwa tu. Mpe kazi hiyo fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Na mtu asiingie tangini kabla plagi haijatoka ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Tangi la juu au presha ya moja kwa moja

Hapa tuna upande. Kwa viwanja vingi vya Nairobi, pampu ndogo inayojaza tangi la lita 500 au 1,000 juu ya mteremko, kisha maji yashuke yenyewe, ni bora kuliko pampu inayowaka kila mfereji unapofunguliwa. Stima ikipotea jioni, maji yako tayari juu. Pampu inafanya kazi mara moja kwa siku badala ya mara arobaini, na unaweza kutumia ile ya bei ya chini. Gharama ni stendi, na hapo usibane: lita 1,000 ni tani nzima, na kwenye ngazi ya udongo mwekundu uliolowa miguu minne ya chuma huzama kama visu. Welda wa jua kali akishamaliza stendi, weka kila mguu juu ya zege la sentimita 40 kwa 40, mbali na ukingo wa ngazi kwa angalau mita moja.

Bomba la kupandishia liingie juu ya tangi, juu ya usawa wa maji. Likiingia chini, siku nonritani, valvu ya kuzuia maji kurudi, itakapovuja, maji yote uliyoyapandisha yatarudi bondeni usiku, na asubuhi utalaumu watoto.

Namna ya kuizima pampu tangi la juu likijaa ziko mbili. Swichi ya boya hutaka waya mpaka juu. Njia isiyo na waya ni valvu ya boya kwenye tangi la juu na kidhibiti cha presha kwenye pampu: valvu ikifunga, maji husimama, kidhibiti hukata. Kidhibiti kizuri pia hukata tangi la chini likikauka, na hilo peke yake hulipa bei yake. Ila kina mtego wa mteremko. Vingi hutoka kiwandani vimewekwa viwashe pampu presha ikishuka hadi bar 1.5. Ikiwa maji yaliyo juu ya kidhibiti ni zaidi ya mita 15, uzito wake peke yake hushikilia presha hiyo, na pampu haitawaka ng'o hata mfereji wa juu ukiwa wazi. Na kwa upande wa pili, pampu inapaswa kuweza kufika karibu bar 1 juu ya kiwango hicho ikiwa imefungiwa; sentrifugali ya Hmax 20 haitaweza, na kidhibiti kitawasha taa nyekundu kila siku. Nusu hospawa ya Hmax 40 kwenye mita 9 hadi 11 iko salama pande zote mbili.

Kwa dripu kutoka tangi la juu, bomba kuu lishuke na mteremko, mistari ya dripu ilale kukatiza mteremko kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja. Mita 9 chini ya tangi presha huwa karibu bar 1, na tepu nyembamba ya dripu hupasuka au hujichomoa. Weka getivalvu kwa kila ngazi na uibane ya chini zaidi. Kumbuka pia kwamba ukifunga juu, maji yaliyobaki kwenye mabomba hutokea kwenye vitundu vya chini kabisa. Mimea ya huko hunywa mara mbili, na dania ndiyo huoza kwanza.

Bila stima

Sola ya moja kwa moja, paneli na pampu bila betri, huendana vizuri mno na tangi la juu: jua likitoka maji hupanda, likijificha husubiri. Hesabu yake inapendeza. Kupandisha lita 1,000 mita 14 ni kazi ya uniti 0.04 tu, hata pampu ndogo ya sola ikipoteza zaidi ya thuluthi mbili njiani, haizidi uniti 0.13. Paneli ya wati 100 huweza hilo kwa siku ya jua la kawaida na kubakiza. Lakini Juni hadi Agosti, wakati tangi linahitajika sana, ndipo Nairobi hufunikwa na mawingu ya kijivu mpaka adhuhuri. Chukua paneli mara mbili ya ile hesabu inayosema, na uikaze kwa nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida.

Pampu ya petroli haina nafasi kwenye bustani ya ukubwa huu. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, na kwa kimo cha Nairobi ni karibu moja ya tano. Pampu ya inchi 2 hutoa mamia ya lita kwa dakika na italikausha tangi lako la lita 10,000 chini ya saa moja. Ni ya ekari na mto. Na kwa kuwa kuvuta ni kazi ngumu huku, wapo wanaoishusha shimoni karibu na maji. Usifanye hivyo kamwe: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu ndani ya dakika chache, na anayeshuka kumwokoa hufa naye.

Pampu ya kukanyaga bado ina heshima yake. KickStart, shirika lililoanza Nairobi mwaka 1991 kwa jina la ApproTEC, ndilo lililozieneza kwa wakulima kwa jina la MoneyMaker. Mtu mzima hudumisha kama wati 75 za miguu. Kwa mita 14, baada ya hasara, ni lita 20 kwa dakika hivi, kwa hiyo lita 200 za siku ni dakika 10. Haina kapasita ya kuwashia mota wala tokeni. Inachohitaji ni mtu atakayekuwa na hamu hiyohiyo hata akifika mwezi wa nne wa kukanyaga.

Yanayoharibika

Pampu inanguruma haizunguki: zima mara moja, chomoa plagi. Nyuma ya feni, mwisho wa shafti, kwenye pampu nyingi kuna mfuo mdogo wa kuingiza bisibisi. Izungushe. Ikikaza kisha ikaachia, ilikuwa imeganda, na dawa yake ni kuiwasha dakika moja kila wiki hata msimu wa mvua. Ikizunguka kwa urahisi lakini bado inanguruma, ni kapasita. Nunua yenye maikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye bango, na volti 450.

Maji hutoka na mapovu, kisha hukata: kuna hewa inayoingia upande wa kuvuta. Bomba hilo lipande moja kwa moja kuelekea pampu bila nundu hata moja, lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na kila nyuzi ipate tepu nyeupe mizunguko 10 hivi. Mwagia maji kiungo kimoja kimoja pampu ikiwa inafanya kazi. Mapovu yakikoma ghafla, umekipata.

Mota hupata moto jioni tu: pima volti. Mwisho wa laini ndefu, wakati kila jiko na hita vimewashwa, volti hushuka na mota hujazia kwa kuvuta ampia zaidi. Gadi ya friji inayokata volti zikishuka hufaa, mradi uwezo wake ulingane na mota. Au jaza tangi la juu saa nne asubuhi.

Uchafu ndio chanzo cha nusu ya mengine yote. Bomba la kuvutia lisiguse chini ya tangi. Njia nzuri ni kulining'iniza chini ya boya, chujio la tundu la milimita 1 likiwa sentimita 10 hadi 15 chini ya uso wa maji, ambako ndiko maji safi zaidi yaliko. Safisha gata mwanzoni mwa Oktoba, wakati maua ya jakaranda yanapodondoka kwa wingi na mvua za vuli zinapobisha hodi; ukisubiri mvua ikuamshe, maua yatakuwa yameshafika kwenye chujio yakiwa uji.

Siku fundi anapomaliza, kabla hujamlipa, panda naye juu na jerikeni ya lita 20 na saa ya simu. Kwa kiwanja chetu cha mfano, kwenye mdomo wa tangi la juu, ijae kwa sekunde 40. Ikichukua dakika moja, kuna bomba jembamba au kona nyingi mahali fulani, na ni yeye atakayeitafuta. Andika sekunde hizo kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa mlango wa kibanda cha pampu. Mwaka kesho zikifika 60, fungua chujio kwanza. Likiwa safi, ndipo ushuku impela.